Vifungo Vilivyomezwa na Udongo wa Kajiado

Mnamjua yule askari anayesimama mlangoni pa supamaketi na kijiti cheusi? Anakipitisha kifuani pako, anakishusha hadi mfukoni, kinalia piii, naye anauliza, "Una nini hapo?" Unatoa funguo za nyumba, anakupungia mkono upite. Kijiti kile hakikuziona funguo. Kilizisikia. Sogeeni hapa kivulini, wajukuu zangu, niwaeleze jinsi ndugu mkubwa wa kijiti hicho, aliyefungwa kwenye mpini mrefu na kupitishwa juu ya nyasi, anavyoweza kusikia kifungo cha koti kilichodondoka kabla babu yangu hajaoa.

Kwanza wekeni kando zile sumaku zenu. Najua mnazo. Vijana wengi wa Kitengela huvuta sumaku ya spika kuukuu kwa kamba barabarani, ikazoa misumari, vipande vya waya na vipuri vya bodaboda, na jioni mzigo ukaenda kwa mnunuzi wa skrepa. Kazi halali, na inalisha watu. Ila sumaku huvuta chuma na jamaa zake wachache tu. Ipitishe juu ya kifungo cha shaba ya manjano, ile wauza skrepa wanayoiita brasi, nayo itapita kana kwamba hakuna kitu. Ndiyo maana vifungo vya zamani vimebaki ardhini hata mahali palipookotwa kila msumari.

Chombo cha kusikia metali kilianza kwa msiba. Tarehe 2 Julai 1881, rais wa Marekani James Garfield alipigwa risasi katika kituo cha treni jijini Washington. Risasi moja ilibaki mwilini. Madaktari waliitafuta kwa vidole na vyombo ambavyo leo hata muuguzi mwanafunzi asingevikubali viingie kwenye jeraha, wasiipate. Eksirei ilikuwa bado kugunduliwa. Akaitwa Alexander Graham Bell, ambaye miaka mitano kabla alikuwa amepata hataza ya simu. Bell alizungusha waya ukawa duara, akapitisha umeme, akaunganisha na kipokezi cha simu, akakiweka sikioni. Katika majaribio kilifanya kazi barabara: risasi ikiwa karibu, sauti inabadilika.

Kwa rais mambo yakaharibika. Sauti ilisikika huku na kule, haikutulia mahali. Baadaye ikajulikana kwamba chini ya godoro kulikuwa na springi za chuma. Tena daktari mkuu alikuwa ameshaamua kuwa risasi iko upande wa kulia, na upande huo ndio Bell aliopimishwa. Ilikuwa kushoto. Garfield alifariki tarehe 19 Septemba. Chombo kilikuwa kimesema kweli muda wote: hapa kuna metali. Hakuna aliyefikiria kukagua kitanda.

Sasa kinafanyaje? Ndani ya ile sahani ya mviringo kuna waya uliozungushwa mara nyingi. Umeme unapita ndani yake ukienda mbele na kurudi nyuma, maelfu ya mara kwa sekunde, na kila unapogeuka unatikisa nguvu ya sumaku iliyoizunguka sahani. Nguvu hiyo huingia ardhini bila kelele. Ikikuta metali, inaamsha vijimkondo vya umeme vinavyozunguka ndani ya metali yenyewe, navyo vinatengeneza nguvu ya sumaku ya kwao, ndogo, inayorudi juu. Waya mwingine katika sahani unaipokea. Umewahi kupiga kelele kwenye korongo kule Ngong ukajibiwa na mwangwi? Basi sahani inapiga kelele ya sumaku, na kifungo kinairudisha. Kina mwangwi wake, sarafu ina wake, na kizibo cha soda, kwa bahati mbaya, kina wake pia, tena unaofanana mno na ule wa vitu unavyovitamani.

Kitengela imejaa vizibo. Imejaa na misumari ya paa, vipande vya mabati, karatasi za ndani ya pakiti za sigara, vichungi vya mafuta ya gari. Mtu akikuambia alianza asubuhi kwenye ploti ya Kitengela na kufikia saa nne ana vifungo vitano vya mfalme, mwombe akuonyeshe.

Nendeni kusini kidogo, Kajiado yenyewe, ndipo ardhi inapoanza kuzungumza. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911 kuchota magadi ya ziwa lile jeupe, na kuyatoa kule kulihitaji reli. Reli ikachepuka Konza, ikapita Kajiado, ikateremka Bonde la Ufa hadi Magadi; 1915 ilikuwa imekamilika. Katikati ya ujenzi huo, Agosti 1914, Vita Vikuu vya Kwanza vikalipuka. Ng'ambo ya Namanga ilikuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Ghafla Kajiado, mahali pa ng'ombe na stesheni mpya, pakawa njia ya jeshi.

Walowezi wa Kizungu waliunda Nairobi kikosi cha farasi, East African Mounted Rifles, mwezi huohuo wa Agosti, na wengi wao walikuja na farasi wao wenyewe. Wanajeshi kutoka India wakaletwa kwa meli hadi Mombasa, kisha kwa treni. Tarehe 3 Novemba 1914 walishambulia mlima Longido, ng'ambo ya mpaka. Walipanda usiku, wakapigana mchana kutwa, na kiu ikawazidi nguvu; wakarudi Namanga. Mwezi Machi 1916 jeshi lilipita tena njia ileile, safari hii likizunguka Kilimanjaro. Hebu fikirieni barabara ya Kajiado, Bissil hadi Namanga katika miezi hiyo: farasi, nyumbu, mikokoteni ya ng'ombe, mahema yanayosimikwa na kung'olewa. Uzi wa kifungo hukatika mtu anapovua koti gizani au anaposukumana na nyumbu mkaidi, na hakuna askari aliyewahi kusimamisha msafara atafute kifungo.

Kule Taita Taveta, ambako vita vilikaa muda mrefu zaidi, kwenye ngome za Maktau, Mbuyuni na Salaita, mpaka leo maganda ya risasi, vipande vya chupa, mikebe na vifungo huonekana juu ya ardhi. Huko watu wamejifunza kuvisoma. Nasi tujaribu kusoma kimoja.

Tuseme kifungo kimejitokeza baada ya mvua, kando ya njia ya ng'ombe karibu na reli. Ukubwa wake ni kama ukucha wa kidole gumba, kimeinuka katikati, rangi yake kijani kibichi kilichochanganyika na kahawia. Kuna taji. Litazame taji hilo kwa makini, kwa sababu linataja umri wake. Tangu 1901 hadi 1952 Uingereza ilikuwa na wafalme, na taji lililochorwa kwenye sare lilikuwa na matao yaliyoinuka mviringo juu kabisa. Februari 1952 mfalme George wa Sita alifariki binti yake Elizabeth akiwa ziarani hapahapa Kenya, upande wa Nyeri. Akawa malkia, na taji lililochaguliwa kwa enzi yake lina matao yanayobonyea katikati. Kwa hiyo tao la mviringo linakupeleka kabla ya 1952, na tao lililobonyea linakuleta baada yake. (Mfalme wa sasa amerudisha la mviringo, lakini kifungo chake hakijapata muda wa kuota kijani Kajiado.)

Labda hakuna taji, kuna herufi. Hapa reli inatusaidia kuliko jeshi, kwa sababu imebadilisha jina mara nyingi. Herufi EAR&H ni za East African Railways and Harbours, shirika lililoanza 1948. Mwaka 1969 bandari zilipewa shirika lake, na reli ikabaki East African Railways peke yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, na Kenya ikaanzisha shirika lake la reli. Basi kifungo cha EAR&H kilishonwa kwenye sare katika miaka ishirini na kitu tu, na mwenye sare huenda alikuwa mpiga kengele wa stesheni, mkagua tiketi au gadi wa treni ya magadi.

Halafu kigeuze. Watu husahau mgongo wa kifungo. Nyuma kuna kitanzi cha waya cha kushonea, na kukizunguka mara nyingi kuna maandishi madogo sana ya aliyekitengeneza: Firmin wa London, au Gaunt wa Birmingham, mji uliokuwa ukifyatua vifungo kwa mamilioni na kuvitawanya duniani kote. Tena kwenye kitanzi, ukiwa na bahati, utakuta uzi. Uzi wenyewe! Nguo imeoza, mwenye nguo amekwenda zake, lakini chumvi za shaba huua vijidudu vinavyokula nyuzi, kwa hiyo nyuzi zilizogusana na shaba hubaki. Pengine ni rangi ya kaki, pengine umekuwa kijani mtupu. Mswaki mmoja wa pupa unaufuta uzi huo ambao miaka mia moja ya mvua haikuuweza.

Ila kuna jambo lazima mlijue kuhusu chombo hiki, na mimi hunikera kila nikisoma maandishi ya watafutaji wa ng'ambo wasiolitaja. Kinawasikia wenye metali tu. Nyuma ya kila askari kwenye vita vile walitembea wapagazi, Waafrika waliobeba unga, risasi, maji na majeruhi. Kutoka nchi hii pekee walichukuliwa zaidi ya laki moja, wengi kwa nguvu, na makumi ya maelfu hawakurudi; waliwaua zaidi magonjwa na njaa kuliko risasi. Wengi wao walivaa blanketi na kipande cha nguo. Pita na sahani juu ya njia yao na itakaa kimya, ilhali wao ndio waliokuwa wengi. Ukikusanya vifungo vya Kajiado ukaandika historia kwa vifungo hivyo, utaandika historia ya maofisa. Nairobi, kwenye Kenyatta Avenue, kuna sanamu tatu zilizosimamishwa 1928, na mmoja wa wale watatu ni mpagazi. Siku mkipita hapo mwangalieni.

Na hata kabla ya vita, mwaka 1883, Joseph Thomson alipita nchi ya Wamaasai na msafara wa pwani uliobeba shanga, nguo na nyaya za biashara. Shanga hazina mwangwi. Nyaya zinao, na Wamaasai walizigeuza mapambo. Hizo zikipatikana si za kuokota na kutia mfukoni, na hapo tunafika kwenye sheria.

Kenya ina Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006. Vitu vya kale vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 vinalindwa, na huwezi kuchimbua kuvitafuta bila leseni. Najua mmoja wenu ameshapiga hesabu: "Guka, kifungo cha 1914 ni cha baada ya 1895!" Kweli. Lakini mwangwi hausemi mwaka. Unachimba ukidhani ni kifungo, unakuta ni kitu cha msafara wa 1883, na shimo tayari umelichimba. Ardhi nayo ina mwenyewe. Mashamba ya pamoja ya Kajiado yamegawanywa, kila kipande kina hati na wazee wake. Nenda kwanza kwenye boma. Ukimkuta mzee, inamisha kichwa akuguse utosini kama ilivyo desturi, ndipo useme shida yako. Mara nyingi atakuambia kambi ilikuwa wapi kabla hujafungua mdomo.

Na kitu kizito chenye umbo la risasi kubwa, au chochote chenye mapezi, usikiguse hata kwa fimbo. Weka alama mbali, nenda kwa chifu au polisi. Wafugaji wa Archers Post na Dol Dol waliumizwa na mabomu yaliyoachwa na wanajeshi wa Uingereza waliokuwa mazoezini. Mwaka 2002 Uingereza ilikubali kuwalipa fidia watu 228. Kumbukeni hilo kila mnapotaka kugonga kitu mwone kitalia vipi.

Udongo wenyewe una hila zake. Ule mweusi wa Kitengela, unaonata viatu mpaka unatembea na kilo mbili kila mguu, huvimba ukinywa mvua na kupasuka ukikauka. Wakati wa kiangazi nyufa zake zinaweza kumeza mkono wa mtoto. Kifungo kilichodondoka juu kinateleza ndani ya ufa. Mvua zikija ufa unajifunga juu yake. Mwaka mwingine udongo unajigeuza na kukisukuma kwingine. Kwa hiyo huko usiseme "kiko chini sana, basi ni cha zamani sana". Kizibo cha juzi kinaweza kuwa chini ya kifungo cha 1914. Kwingine Kajiado kuna mawe meusi ya volkano yenye madini ya chuma, nayo yanaipigia sahani kelele mpaka mtu asiye na subira anaondoka akisema chombo kimeharibika.

Ndiyo sababu mahali kilipolala kitu ni nusu ya kitu chenyewe. Olorgesailie, njia ya Magadi, iko kaunti hiihii. Mary na Louis Leakey walipoanza kazi pale mwaka 1942, walikuta shoka za mawe za mamia ya maelfu ya miaka zimetapakaa juu ya ardhi. Sehemu ya shoka hizo ziliachwa palepale zilipokuwa, pakajengwa njia ya mbao watu wazitazame kutoka juu. Zingebebwa zote kwenye magunia hadi mjini, zingebaki mawe yaliyochongwa vizuri. Zikiwa pale, unaona jinsi zilivyorundikana. Kwa kifungo fanyeni vivyo hivyo kwa kipimo chenu: kabla ya kukiinua, piga picha ya karibu na ya mbali, uonekane mti au mlima, na simu ikupe nukta za mahali. Andika kwa penseli. Wino hufutika.

Haya, kusafisha. Sehemu hii ndiyo inayoua vifungo vingi kuliko ardhi.

Kiache kikauke chenyewe kivulini siku kadhaa. Udongo mweusi ukikauka hujikunja na kubanduka wenyewe. Ule mwekundu ni mbishi. Tumia mswaki laini wa mtoto mchanga, mkavu, na kijiti cha mwanzi kilichochongwa ncha. Sindano hapana, kisu hapana. Fanya kazi chini ya mwanga, kifungo kikiwa juu ya kitambaa cheupe ili kinachoanguka kionekane, uzi ukiwemo. Likibaki tope gumu, tia tone la maji, lakini yasiwe ya kisima: maji mengi ya visima vya Kitengela yana chumvi, na chumvi ndiyo adui. Nunua maji ya betri petroli stesheni, yale yaliyotolewa madini, ukihakikisha hawajakupa asidi. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa sufuria safi yanafaa pia.

Chini ya udongo utakutana na kijani, na hapo mikono ya watu huanza kuwasha. Limau liko jikoni. Majivu yapo. Steelwool ipo. Brasso iko kabatini, na askari wa gwaride huipaka kila asubuhi, kwa nini sisi tusipake?

Kwa sababu kifungo cha askari wa gwaride ni kipya, chini ya mng'ao kuna shaba tupu. Kilichozikwa kimebadilika. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Ardhini, unyevu na hewa huigeuza ngozi yake kidogokidogo: kwanza tabaka la kahawia jekundu, kisha juu yake kijani, ambacho kwa kiasi kikubwa ni madini yaleyale ya malakiti yanayotengenezewa vidani. Herufi na taji mara nyingi zimo ndani ya tabaka hilo, maana ndilo lililokuwa uso wa kifungo. Ukilikwangua, unatupa maandishi na kubaki na kidonge. Limau linafanya vibaya zaidi: asidi yake inayeyusha kijani chote, na inakuachia mabaka ya waridi mahali ambapo zinki imeondoka na shaba imebaki peke yake. Kama kifungo kilipakwa dhahabu, tabaka la dhahabu ni jembamba kuliko unywele, na limeshikiliwa na uchafu huohuo unaouchukia.

Kijani ni cha aina mbili, nanyi mzitofautishe. Kile cheusicheusi, kigumu, laini ukikigusa, kiacheni. Kinailinda shaba iliyo chini. Kile cheupecheupe cha unga, kinachopanguswa leo na kesho kimerudi, hicho ni ugonjwa. Chumvi za kloridi zimeingia ndani, na kila zikipata unyevu zinaendelea kuitafuna shaba. Vitu kutoka upande wa Magadi, kwenye ardhi ya chumvi, viangalieni kwa jicho kali. Kifungo mgonjwa kitengeni na wenzake, kiwekeni kwenye kikopo chenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya punje za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye sanduku la viatu, kisha ombeni ushauri Makavazi ya Kitaifa, Nairobi. Dawa zake zina sumu na si za mezani.

Herufi hazisomeki bado? Msirudi kwenye mswaki. Zimeni taa usiku, wekeni tochi ya simu chini kabisa, ubavuni pa kifungo, mwanga upite juu yake ukiwa umelala. Kila mwinuko utatupa kivuli. Zungusheni tochi polepole, mkipiga picha kila robo ya duara, kwa kuwa herufi iliyojificha mwanga ukitoka kushoto hujitokeza ukitoka juu. Wengi husoma EAR kwenye kifungo ambacho mchana walikiona kitupu. Mkishapata picha nzuri, Makavazi ya Reli pale Nairobi, yaliyofunguliwa 1971, yana vitu vya enzi zote hizo za reli. Nendeni nayo mlinganishe, na mkiulizwa kifungo kilikuwa wapi, mtoe karatasi ya penseli.